Chai ya mgonjwa

“Shikamoo mama. Naomba chapati mbili na chai ya rangi, isiwe na sukari.”

“Marahaba baba. Pole. Imeanza lini?”

Hapa Dar mtu mzima akikataa sukari, ugonjwa wake unajulikana kabla hajakaa. Ukisema huumwi, unaficha. Ukizidi kubisha, basi mambo yamekuwa magumu nyumbani na unaona haya kusema. Mimi sina kisukari. Nina gego moja la chini, upande wa kushoto, lililonila fedha ya kodi ya miezi miwili, na ndilo lililonifanya niwe napewa pole kila asubuhi.

Lilianza kwa kunivuta kidogo nikinywa kitu cha baridi. Likazibwa, likauma tena, mwisho likatibiwa mzizi. Siku ya mwisho daktari aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: chupa ya soda unaimaliza kwa muda gani? Nikajibu kwa kujisifu kwamba mimi si mlafi, chupa moja ya nusu lita nakaa nayo mezani kazini kuanzia saa nne mpaka saa saba. Akatikisa kichwa. Kumbe afadhali ningekuwa mlafi.

Kola ya kawaida ina sukari ya gramu 10 na ushee kwa kila mililita 100, kwa hiyo ile nusu lita yangu ilipita gramu 50, yaani vijiko 12 au 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi kwa siku za sukari ya kuongezwa, ukijumlisha na ya asali na juisi, na linasema akibaki chini ya 25 ni bora zaidi. Lakini kwa meno hesabu haiishii kwenye vijiko. Bakteria wanaokaa kwenye utando wa meno wakiipata sukari wanaigeuza asidi, na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, gamba la jino linaanza kupoteza madini yake. Mate ndiyo yanayokuja kurekebisha, nayo yanahitaji nusu saa, mara nyingine zaidi. Anayeigugumia soda yote kwa mkupuo ameharibu mara moja. Mimi niliyekuwa napiga funda kila baada ya dakika kumi, mate yangu hayakupata zamu hata siku moja.

Nikajiona mjanja, nikahamia zile soda zenye sifuri kubwa kwenye chupa. Mwaka haukuisha, maji ya friji yakaanza kunitia ganzi, tena safari hii meno ya mbele. Ganzi ya meno tunaijua tangu utotoni, ukila embe bichi kwa chumvi na pilipili mpaka jioni wali unakushinda. Sikuwahi kuihusisha na soda. Sitaki kuvisingizia vile vitamu vya kutengenezwa, aspatemu na sukralosi na ndugu zao. Bakteria wa meno hawavigeuzi asidi kama sukari. Kinachobaki ni soda yenyewe: asidi ya fosfori kwenye kola, asidi ya sitriki kwenye zile za machungwa na ndimu, pH ya 3 hivi au chini ya hapo. Sukari inasubiri bakteria waipike. Hii inakuja imeshapikwa kiwandani. Halafu kuna ulimi. Ulimi uliozoezwa utamu ule hauoni tofauti ya sukari na kisichokuwa sukari, unadai tu. Nilikuwa nikinywa ya sifuri mchana, jioni natafuta keki.

Juisi nitazipitia haraka kwa sababu zina mashabiki wengi na sitaki ugomvi. Ukwaju, ubuyu, pasheni: chachu juu, sukari chini, na anayeuza anapima sukari kwa bakuli. Juisi ya miwa watu wanaiita ya asili, na kweli ni ya asili. Ni sukari ambayo haijakaushwa, ikakamuliwa ndimu juu. Dafu lina utamu wake na uchachu kidogo, lakini ni mbali sana na soda, na uzuri wake ni kwamba unalinywa umesimama, unakomba nazi, unaondoka. Maziwa yasiyotiwa kitu sina neno nayo, hata mtindi, kwa sababu kalsiamu yake inalilinda jino dhidi ya uchachu ule. Mtindi wa pakiti wenye picha ya stroberi ni habari nyingine.

Ninachotaka kukizungumza ni kahawa. Nenda barazani jioni, Kariakoo, Tanga, Unguja, popote. Wazee wanakunywa kahawa chungu kama dawa, vikombe vitatu vinne, bila punje ya sukari, na hakuna anayewapa pole. Hakuna anayewauliza imeanza lini. Kwa hiyo tusiambiane kwamba ulimi wa Mswahili hauwezi. Unaweza, tena umeweza siku nyingi, ila tuliamua kwamba kahawa ni chungu na chai ni tamu, basi, imekuwa sheria. (Kashata siitetei. Inanata kwenye magego kuliko soda yoyote. Lakini unaweza kuikataa kashata na kahawa ukabaki nayo.)

Kwenye chai nilishuka polepole. Vijiko vitatu vikawa viwili, viwili vikawa kimoja na nusu, kila hatua wiki tatu nne. Palipokuwa pagumu ni kutoka nusu kijiko kwenda bila kitu; hapo chai ya majani matupu ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Iliyoniokoa ni viungo. Chemsha mchaichai mbichi kwanza, maji yageuke rangi, ndipo tia majani kidogo, iliki tatu za kupondwa na tangawizi. Usikamulie ndimu. Mdomo unakuwa na shughuli na harufu, unasahau kudai.

Na maji. Maji tumeyavunjia heshima. Mgeni akija ukamtengea maji matupu, umemwonyesha hali yako. Heshima ni kreti la soda. Bibi yangu Tanga alikuwa na mtungi. Akishauosha, aliufudikiza juu ya chetezo chenye ubani, moshi ukaingia mpaka udongo ukaushika, ndipo akajaza maji na kuufunika kwa sahani yenye kata juu yake. Yale maji yalikuwa baridi bila friji na yananukia. Watu walikuwa wanatoka nyumba ya tatu kuja kuyaomba. Leo mtungi ule umepandwa maua.

Nikisema maji, wasomaji wa Arusha watanicheka, na wana haki. Kuna mahali pale, ukitoka mjini kuelekea Usa River na kupita kidogo, panaitwa Maji ya Chai, na watu wengi waliokulia maeneo yale chini ya Mlima Meru wana meno ya kahawia ambayo hayana uhusiano wowote na soda. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji yenyewe. Kidogo inaimarisha jino, ikizidi inaliharibu wakati bado linaumbika ndani ya ufizi wa mtoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya Bonde la Ufa, kwetu na Kenya, mara nyingi yanakipita mbali. Kuchemsha hakusaidii; maji yanapungua, floraidi inabaki. Kwa mwenye mtoto mdogo kule, pipa la kuvunia maji ya mvua ni jambo kubwa kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Jumamosi nilirudi kwa yule mama wa chapati. Binti anayemsaidia alikuwa ameshanimiminia kikombe, mama akamgeukia kutoka jikoni.

“Siyo hiyo. Yake ile ya mgonjwa, ipo kwenye chupa ya kijani.”

Chupa nzima. Nikamuuliza kama kuna mwingine anayeinywa, au ananichemshia peke yangu.

“Mko wanne sasa,” akasema. “Na wote mnasema hamuumwi.”