Funikeni kuta kabla ya kununua taa

Kanisa kongwe likifunguliwa upya kama ukumbi wa muziki, picha zinazosambaa ni zilezile: matao yaliyomulikwa zambarau, vioo vya rangi nyuma ya mpiga ngoma, na watu wanasifia mandhari. Sioni anayeuliza kama maneno ya mwimbaji yalifika viti vya nyuma. Linaniudhi hili, kwa sababu jibu mara nyingi ni hapana, na sababu yake ilijulikana tangu siku ya kwanza ya bajeti.

Jengo la mawe lenye lipu ngumu na dari ya juu hushika sauti hewani sekunde nne, hata tano. Kwa kwaya na kinanda cha kanisa hiyo ni neema. Kwa bendi yenye ngoma na besi ni balaa, maana kila pigo linaangukia juu ya mabaki ya pigo lililotangulia. Fundi mitambo naye, akiona maneno hayaeleweki, anapandisha sauti. Haisaidii: ukuta unarudisha zaidi kadiri unavyopewa zaidi, na uwiano wa sauti safi na mwangwi unabaki palepale. Hakuna spika ya bei yoyote inayofuta mwangwi wa jengo, ingawa iliyoelekezwa vizuri chini kwa watu, mbali na dari, inapunguza madhara.

Hesabu yenyewe ni ya kanuni ya mwanafizikia Sabine, ya zaidi ya miaka 100, na inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Chukua kanisa la mita 30 kwa 16, urefu wa dari mita 12.5: ujazo ni mita za ujazo 6,000. Zidisha kwa 0.161, gawa kwa sekunde 4 za mwangwi, unapata kama mita za mraba 240 za unyonyaji wa sauti, yaani eneo ambalo lingemeza sauti yote inayolifikia. Ndicho kilichomo sasa. Muziki wa spika unataka sekunde 1.2 hivi, yaani mita za mraba 805. Pengo ni 565. Watu 400 wakikaa, kila mmoja ananyonya kama nusu mita ya mraba, wanaziba 200. Zinabaki 365.

Pazia zito la sufu, lililokunjwakunjwa kutoka kitambaa chenye upana mara mbili ya eneo linalofunikwa na kuning'inizwa sentimita 15 mbali na ukuta, linanyonya kama asilimia 60 ya sauti za kati. Kwa hiyo unahitaji mita za mraba 600 za pazia: kuta zote mbili ndefu, mwanzo hadi mwisho, hadi kimo cha mita 10. Liweke kwenye reli ili kwaya ikija livutwe kando. Jamani, hiki si kitu cha kununuliwa kwa chenji iliyobaki baada ya taa.

Tena pazia halishiki besi. Sauti nzito inapita kama halipo. Hapo zinatakiwa paneli za plaiwudi nyembamba zenye nafasi ya hewa ya sentimita 10 nyuma yake, iliyojazwa sufu ya mwamba (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa), na mahali pake pazuri ni kwenye pembe na chini ya roshani. Ukifunga mapazia ukasahau paneli, sauti za juu zinakuwa kavu na za chini zinaendelea kunguruma. Na fundi asisahau kwamba mchana wa majaribio, ukumbi mtupu, mwangwi bado uko kwenye sekunde 1.6, asikate sauti za juu kwa hasira kabla watu hawajaingia.

Spika za katikati ya ukumbi, zikiwa mita 20 mbele ya zile za jukwaani, zicheleweshwe milisekunde 59, muda ambao sauti ya jukwaani inachukua kufika hapo, kisha ongeza 10 au 15 ili sikio liendelee kuamini kwamba sauti inatoka jukwaani.

Taa nazo zina hatari yake. Fremu ya mita 12 yenye taa 16 zinazozunguka inapita nusu tani. Kenchi za zamani zilitengenezwa kubeba paa lililogawanyika sawasawa kutoka juu, si mzigo wa winchi uliokaa katikati ya boriti ya chini. Boriti ikipinda, maungio yanafunguka na kuta zinasukumwa nje. Zaidi ya hapo, ncha za mbao zilizoingia ukutani ndizo huoza kwanza, na ukiwa chini huzioni. Simamisha fremu kwa miguu yake sakafuni, ila ujue kwanza kilichomo chini ya sakafu, maana makanisa mengi yamekalia vyumba vya makaburi vyenye dari ya matofali.

London wanao mfano ninaouheshimu. Kanisa la St Luke's la Old Street, lililokamilika 1733, lenye mnara wa ajabu wa msanifu Hawksmoor, ardhi ilititia chini yake na paa likaondolewa 1959. Likabaki gofu kwa miaka 40. Okestra ya London Symphony Orchestra walipolifufua na kulifungua 2003, waliondoa kwanza mabaki ya wafu zaidi ya 1,000 kwenye vyumba vya chini, kisha wakasimamisha ndani nguzo nne za chuma zinazotawanyika juu kama matawi ya mti, zibebe paa jipya. Matofali yakaachwa wazi. Leo ni mahali pa mazoezi, mafunzo na kurekodi kando ya barabara yenye magari mchana kutwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila kanisa linahitaji yote haya. St John's Smith Square, pia la London, lililoungua kwa mabomu 1941 na kufunguliwa kama ukumbi 1969, limebaki na kwaya na ala zisizo na spika, basi mwangwi wake ni mali. Paradiso ya Amsterdam imepiga roki tangu 1968 ndani ya kanisa la karne ya 19, na watu wanaipenda. Lakini wahandisi wanaofika pale hufanya kazi ya ziada.

Jambo la mwisho ni unyevu. Watu 400 wanatoa jasho na pumzi kiasi cha lita 20 za maji kwa saa, na maji hayo yanatafuta ukuta wa baridi. Ukuta wa chokaa huyanywa na kuyatoa taratibu. Ukiupaka saruji unayafungia ndani, chumvi inatoka, lipu inabanduka. Wanaokarabati nyumba za mawe ya matumbawe Mji Mkongwe, Unguja, wanalijua hili vizuri. Lipu ya chokaa, mashine ya hewa yenye mabomba mapana ili hewa ipite polepole bila kuvuma, na ikiwa kuna piano, unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 60, usiku na mchana, hata wiki isiyo na onyesho.