Sultani wa Senti Tano

Ukipiga magoti chini ya mikorosho huku kwetu Kilwa, ukaanza kukwangua udongo kwa mwiko wa mwashi, kila apitaye anajua unachotafuta: mali ya Mjerumani. Wiki nzima niliwaeleza kwamba nasomea uzamili wa akiolojia, shida yangu ni vigae vya vyungu vya kale tu. Mzee mwenye shamba alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, rupia zikitoka tunagawanaje?"

Shimo langu lilikuwa mita moja kwa mita moja. Vigingi vinne, kamba imevutwa, kingo zimenyooka utadhani nimekata keki ya harusi. Tunashuka sentimita 10 kwa 10, udongo wote unapita kwenye chekeche, kila kigae kinaandikiwa kina kilikotoka. Siku ya nne, sentimita 38, kwenye chekeche kikabaki kiduara cha shaba kilichoota kutu ya kijani.

Masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu zao za shaba, na nyingi zina jina la Ali bin al-Hasan. Nikakipangusa kwa kidole gumba (usifanye hivyo, unaweza kuiharibu) nikaona herufi za Kiarabu. Wallahi niliziona. Nilisoma "Ali".

Maneno ya kusema yalikuwa tele. Mimi, mbele ya vijana wawili wa kuchekecha, niliruka juu nikapiga ukelele: "Imetoka! Imetoka!"

Jioni nikampigia msimamizi wangu wa tasnifu, akasema kesho asubuhi anakuja. Nikapita barazani kunywa kahawa. Watu wakanyamaza, mmoja akanilipia vikombe viwili. Nikajua ndiyo heshima ya msomi hiyo.

Alfajiri shimo sikulikuta. Nilikuta kisima. Mtu mzima angesimama mle ndani na kofia yake isionekane. Pembeni kuna sururu iliyovunjika mpini na dumu tupu la uraka, ile pombe ya mabibo. Kamba yangu ilikuwa imefungiwa mbuzi, naye ameridhika kabisa. Kifusi kikubwa kama kichuguu, tabaka zote zimekorogeka, shanga na vigae havijulikani vimetoka kina gani. Na kwetu wanaakiolojia kitu kisichojulikana kilikotoka ni pambo tu.

Msimamizi akafika, akachungulia, akanyamaza muda mrefu.

"Hili ndilo shimo la majaribio?"

"Ndiyo, Dokta."

"Ulikuwa unajaribu nini?"

Nikakimbilia kumtolea sultani wangu, niliyemviringishia pamba ndani ya kiboksi cha dawa. Dokta akamgeuza kwenye mwanga, midomo ikimchezacheza. Kumbe anahesabu. "Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Sarafu yako ina pembe kumi na mbili." Akaidondoshea maji. Akatokea samaki, sulisuli mzima na pezi lake. Akaigeuza.

"Sarafu za masultani wa Kilwa hazikuwekwa sura ya mtu. Huyu hapa unamfahamu?"

Nilimfahamu. Picha yake ilikuwa darasani kwetu tangu la kwanza. Mwalimu Nyerere, senti tano, mwaka 1966.

Hapo ndipo miguu iliponiisha nguvu, maana kanuni ni moja: tabaka haliwezi kuwa na umri kuzidi kitu kipya kabisa kilichomo. Vile vigae vyangu vyote vya juu ya senti tano, nilivyokwisha kuviandikia kurasa sita za biashara ya Bahari ya Hindi, vilifukiwa baada ya Uhuru.

"Ah, hapo," mzee akasema, "palikuwa jalala la marehemu mama."

"Mzee wangu, mbona hukuniambia?"

"Si ulisema unataka vyungu vya zamani? Mama alikuwa navyo vingi."

Siku ya kuondoka nilitaka kufukia shimo kama taratibu inavyodai. Mzee akakataa katakata, angelipa shilingi ngapi kuchimbiwa choo kirefu namna ile? Juzi kanipigia simu. Ukuta umefika kiunoni, bado bati. Na anauliza ile senti tano, nusu yake ataipata lini.