Sikumeza nzumari, jamani

Kwanza tuelewane: sikumeza nzumari. Nzumari ina mti wenye matundu ya vidole, ina kijibomba cha chuma, ina kisahani cha kifuu cha nazi cha kuzuilia midomo, na mwisho wake ina mdomo mpana uliochongwa. Mtu wa kupitisha vyote hivyo kooni asingekuwa hapa Kwale anasubiri mtihani wa Hesabu. Nilichomeza ni ulimi wake, kile kijipande cha jani kinacholia, ambacho hata nusu ya kijiti cha kiberiti hakifiki.

Nalazimika kusema kwa sababu yuko mtu, tumwite Chapuo maana ndiye aliyekuwa akinipigia chapuo, ile ngoma ndogo, ambaye ameshawafikishia ya kwake, eti nimemeza nzumari nzima. Kufikia magharibi ya siku ileile habari ilikuwa Ukunda. Asubuhi yake makanga akanikatalia nauli, akasema nimlipe kwa kukohoa wimbo mmoja. Shangazi yangu wa Likoni amepiga simu analia, anauliza kama nimekatwa tumbo.

Sasa sikilizeni ya mwenyewe.

Wasiojua: Muziki wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, una karatasi tatu. Moja ya vitendo, moja ya kusikiliza, moja ya nadharia. Ya vitendo huja mapema, kabla ya vurugu za Novemba, na anakuja mtahini kutoka nje, humjui hakujui, anakaa na kalamu yake mnatazamana. Darasani kwetu tuko wachache, tunaenea kwenye tuktuk mbili. Baba yangu alitaka nisome Biashara. Tangu Kidato cha Tatu ana swali moja tu, na huliuliza akiwa ameshika bili: "Na hiyo nzumari, stima italipa?" Hawa watoto wa Gredi ya 10, wa mtaala mpya, wamepata bahati. Wao serikali yenyewe imewawekea mkondo mzima wa sanaa na michezo, anayetaka muziki na dansi asome, anayetaka maigizo na filamu asome, na hakuna baba wa kumwuliza habari za stima. Sisi tumebaki mabaki ya 8-4-4, mfumo wa zamani. Nyuma yetu ni wale wa 2027 tu, halafu mlango unafungwa.

Wenzangu karibu wote walichukua sauti ama rekoda. Mimi, kwa ujeuri wa kuzaliwa, nikasema napiga nzumari. Basi nikapelekwa kwa mzee mmoja, mpigaji wa sengenya, ngoma ya Wadigo, wa miaka na miaka, arusi za huku nyingi zimechezwa kwa mashavu yake. Shikamoo mzee, marahaba, kaa chini, vuta pumzi. Nikavuta. Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Hiyo ya kifuani ni ya kukimbilia matatu. Ya nzumari iko mashavuni."

Na ndivyo ilivyo. Nzumari haipumziki. Unajaza upepo mashavuni, unausukuma nje taratibu huku pua ikivuta mwingine, na sauti isikatike hata chembe. Nilijifunza kwa mrija na gilasi ya maji: mapovu yakikatika, unaanza upya. Mama aliniona mara kadhaa nimeinamia gilasi jikoni, macho yamenitoka, nikapuliza bila kikomo. Hakuuliza. Alianza tu kuniwekea kisomo.

Siku yenyewe ikafika. Mtahini ni mama mmoja mtulivu, miwani puani, uso usiosema kitu. Dirishani vichwa vya Gredi ya 10 vimejipanga. Mwalimu akiwafukuza huku wanatokea kule. Mikono yangu inatetemeka, kwa hivyo kazi ya kufunga uzi wa ulimi wa nzumari nikampa Chapuo. Hili, kwa namna ya ajabu, katika masimulizi yake halimo. Muulizeni.

Kipande cha kwanza kilienda, wallahi. Taratibu, kinaningʼinia, hadi mwalimu akafumba macho. Nikasema moyoni, baba leo angekuwepo angelipa stima mwenyewe kwa furaha.

Cha pili ni cha kasi. Chapuo akaanza, nikaingia juu yake, mashavu yamejaa, pua inafanya kazi. Sasa katikati hapo nikahisi kitu juu ya ulimi wangu mimi, ule wa nyama. Kitu chembamba. Unajua ukiwa unakula pilau ukakutana na unywele? Huo. Ulikuwa uzi. Uzi unafunguka, mzunguko mmoja, mzunguko wa pili, na mimi midomo imebanwa kwenye kisahani, mashavu yamefura, vidole vinakimbia, siwezi kusimama maana mtahini kainua kalamu ananitazama.

Nikawaza haraka: nikiutoa mdomoni, nimekatisha wimbo. Nikiuacha, labda utavumilia hadi mwisho. Ilikuwa imebaki mizunguko michache ya wimbo. Nikauacha.

Hapo ndipo vumbi la darasa zima likaniingia puani. Sijui lilitoka wapi. Pua ikagoma. Upepo wa mashavuni ukaisha, pua haileti mwingine, na mwili, wala haukunishauri, ukafanya kile ambacho mwili wa binadamu hufanya ukikosa hewa: ukavuta kwa mdomo. Kwa nguvu. Haaap!

Nilisikia "tk". Kadogo tu. Ulimi ulichomoka kwenye bomba. Nikaupata juu ya ulimi wangu, tukawa pamoja kama nukta ya sekunde, nikajaribu kuubana kwenye kaakaa, ukateleza. Ulikuwa umelowa, lazima ulowe ndiyo ulie vizuri, kwa hivyo haukuhitaji kusukumwa. Ukapita kwenye kilimi, ukakaa. Haukushuka. Ukakaa pale pale njiani, umekingama, na uzi wake umetokeza mdomoni pembeni.

Nzumari iko mkononi, imenyamaza. Chapuo anapiga bado. Nikatoa pumzi.

"Pyeee."

Si nzumari iliyolia. Nzumari nimeishikilia chini, kiunoni. Ni mimi.

Nikavuta pumzi. "Pyiii." Nikatoa. "Pyeee." Chapuo, kichwa kimeinama, akasikia sauti inaendelea, akadhani nimebuni kitu kipya, akaongeza kasi! Dirishani wale watoto wakaanza kupiga makofi kwa kufuata mdundo. Na mimi kadiri ninavyoogopa ndivyo ninavyohema, na kadiri ninavyohema ndivyo wimbo unavyonoga.

(Nyie mnaocheka hapo, jua langu na lenu moja.)

Mtahini akashusha miwani. "Uko sawa, mwanangu?"

Nikataka kusema, "Ndiyo, madam." Nawaapia nilitaka kusema hivyo.

"Pyeee-pyii."

Akaandika kitu. Mpaka leo nalala nikiwaza aliandika nini.

Mwalimu ndiye aliyeng'amua. Alisimama ghafla, kiti kikaanguka, akaja akaniinamisha akanibamiza mgongoni kofi la kiganja kizima. "Pyu!" La pili, "Pyu!" Kwa kila kofi noti moja, na nasikitika kusema zilikuwa kwenye ufunguo. Msichana mmoja wa rekoda aliyekuwa akisubiri zamu yake mlangoni akateleza ukutani hadi chini, kashika mbavu, anatoa machozi. Huyu nilikuwa na mipango naye. Nilikuwa.

Nikakumbuka uzi. Si umetokeza? Nikaushika kwa vidole viwili, polepole, nikauvuta. Ukaja. Ukaja wote. Peke yake. Nimebaki nimeuning'iniza mbele ya mtahini uzi mweupe mrefu unaodondoka mate, upande wa pili hauna kitu.

"Pyee," nikasema kwa huzuni.

Mtahini akanisogezea chupa yake ya maji. Yake mwenyewe, ambayo alikuwa keshainywea. Nikagugumia. Kitu kikakwaruza, kikasita, kikashuka. Nikahema: kimya. Nikahema tena: kimya. Dirishani mtoto mmoja akasema kwa masikitiko ya kweli, "Ah, imezimika."

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Mtahini aliwachukua wengine kwanza, mimi nikakalishwa kivulini, nikarudishwa mwisho. Nikafunga ulimi wa akiba kwa mikono yangu mwenyewe nikapiga cha pili hadi tamati, bila chapuo, maana mpiga chapuo hakuweza kunitazama usoni bila kububujikwa. Alama ziko kwa Mungu na kwa wenye kusahihisha.

Hospitali daktari alinisikiliza kifua mbele, nyuma, akaridhika mapafu ni salama. Akasema picha haina maana sana kwa jani, si chuma kile, halionekani vizuri. Nile, ninywe, nikihisi maumivu nirudi mbio. Mama akaielewa ile "ule" kwa namna yake: tangu hapo ni matonge ya sima asubuhi na jioni, yeye kasimama mlangoni anahesabu. Baba hakusema kitu kwa muda mrefu. Halafu akauliza, "Hiyo nyingine uliyopigia ni ya nani? Usije ukaimeza nayo tukadaiwa."

Sasa, swali mnaloniuliza kila pembe. Kila anayenikuta, badala ya salamu, "Imetoka?" Naibu mwalimu mkuu, gwarideni, mbele ya watu: "Kijana, imetoka?" Imamu baada ya Ijumaa kanivuta kando, nikadhani ataniombea dua, kumbe "Imetoka?" Wale wa Gredi ya 10 nikipita varandani wanajaza mashavu wote kwa pamoja kisha wanasema "pyeee", na naona mmoja wao ameshashika ile kupumua kwa pua, miezi yangu yote na gilasi yeye kaipata kwa kunicheka.

Jana nikaona niende kwa mzee, nikamweleze mwenyewe kabla hajafikiwa na toleo la Chapuo. Nimechelewa, alikuwa nalo. Shikamoo, marahaba, kaa. Akanisikiliza hadi mwisho, mashavu yake yale makubwa hayatikisiki. Akauliza kilikuwa kipi, kile kipya ama kile cheusi cheusi. Nikamwambia cheusi.

Akaguna kwa uchungu. Akasema kile alikipiga arusi nyingi, kilikuwa kimeshakolea, siku hizi kupata jani likakolea vile ni kazi. Akatafakari kidogo, akatazama tumbo langu.

"Ikitoka," akasema, "ioshe uniletee."

Hakuwa anatania.