Dar es Salaam: Miradi ya Jiji, Mitaa Isiyo na Bajeti

Ukisoma mipango ya halmashauri tano za Dar es Salaam, yaani Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni na Jiji lenyewe ambalo hadi Februari 2021 lilikuwa Manispaa ya Ilala, utakuta mambo matatu yanayojirudia kila mwaka wa fedha: mazingira, uchumi wa wananchi na usalama wa makazi. Kila jambo lina idara yake, kifungu chake na mara nyingi mfadhili wake. Sina ugomvi na malengo hayo. Ninachokipinga ni mpangilio unaoyatenganisha makao makuu ilhali yote matatu hukutana mtaani, kwenye ngazi ya serikali iliyo karibu zaidi na mwananchi na ambayo haina fungu la maana la kuyashughulikia.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni maji ya mvua. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, ambao wengi tunaujua kwa jina la DMDP, uliojenga barabara za lami, taa na mifereji ya zege katika kata ambazo zamani hata bajaji ilikwama msimu wa masika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya Bonde la Msimbazi, ili pale Jangwani lijengwe daraja la juu zaidi na bonde lenyewe liachiwe nafasi ya kupitisha maji badala ya kujazwa nyumba. Hiyo ni kazi ya kweli, na anayeibeza huenda hajawahi kukaa saa nzima Magomeni akisubiri Barabara ya Morogoro ifunguliwe.

Hata hivyo, mfereji ukishakabidhiwa unahitaji kuzolewa. Pita katika mtaa wowote wenye watu wengi kule Temeke, uinue mfuniko mmoja wa zege mbele ya safu ya maduka: chini yake utaona mchanga, nepi, makopo ya soda na chupa za maji zilizoshikana kiasi kwamba kuku anaweza kutembea juu yake bila kulowa. Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza tarehe 1 Juni 2019 lilisaidia sana, kwani rambo zimepungua mno, lakini halikugusa chupa wala vifungashio. Taka rasmi za mkoa huu hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, na mkandarasi anayezoa taka Kinondoni huteketeza dizeli na saa nyingi kwenye foleni kabla ya kufika huko, kwa hiyo anapunguza safari. Pale gari lisipofika, au uchochoro ukiwa mwembamba mno, kijana wa mkokoteni huchukua taka kwa malipo kidogo, na kwa kuwa hana pa kuzipeleka, baadhi huishia kwenye mfereji ule ule au mtoni. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu hadi baharini pale Salenda bila kujali mipaka ya halmashauri, na uchafu wa mtaa wa juu unakuwa mafuriko ya mtaa wa chini.

Usalama nao una habari hiyo hiyo. Taa moja ya barabarani inayowaka humwezesha mama anayekaanga samaki kubaki na meza yake hadi saa nne usiku. Meza yake huvuta muuza chapati, na vijana wa bodaboda hupaki karibu, hivyo binti anayeshuka kwenye daladala ana watu wa kumwona akielekea kwao. Taa ikizimika, mama anafunga mapema na kipande kile cha njia kinabaki cha vibaka. Siku hiyo mtaa unakuwa umepoteza biashara na ulinzi kwa pamoja. Sasa jaribu kufuatilia taa hiyo. Mwenyekiti wa mtaa anaandika barua kwa mtendaji wa kata, kata inaipeleka halmashauri, halmashauri inasema barabara ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na huko unaambiwa usubiri bajeti ijayo. Wakati huo wote ulinzi shirikishi unategemea mchango wa kila kaya, ambao wapangaji wengi hawautoi, na walinzi wasipolipwa miezi miwili wanarudi majumbani mwao. Siwalaumu.

Kwa upande wa uchumi, jiji lina tabia ya kujenga kwanza na kuuliza baadaye. Machinga Complex, jengo la ghorofa la wafanyabiashara wadogo, ilijengwa kwa mkopo wa mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, ikakaa miaka mingi na vizimba vitupu kwa sababu mteja wa mmachinga ni mpita njia, wala si mtu wa kupanda ngazi kutafuta soksi. Nilitarajia funzo hilo litumike Oktoba 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani, ila baadhi ya maeneo waliyopangiwa yalikuwa mbali na watu, na wengi wakarudi polepole. Tofauti na hapo, mpango wa biashara ya saa 24 Kariakoo wa mwaka 2025 uliweka taa na kamera mbele, na kwa maoni yangu huo ndio mpangilio sahihi, ingawa Manzese na Mbagala nazo zinafanya biashara usiku bila uzinduzi wowote.

Tayari tunayo njia ya kisheria ya kuiga. Tangu mwaka 2018 halmashauri zinalazimika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ukatafutwa utaratibu mpya, ikarejeshwa. Napendekeza sehemu nyingine ya mapato hayo hayo, hata ikiwa ndogo, ishuke moja kwa moja kwenye mitaa kwa kazi tatu tu: kuzoa mifereji, kutengeneza taa na kulipa walinzi. Vijana wa mikokoteni wasajiliwe na walipwe kwa kila mzigo wanaoufikisha kwenye kizimba cha taka kinachozolewa kwa ratiba, ili kazi ya usafi iwe pia ajira.

Najua jibu litakalotolewa, kwamba wenyeviti watakula hela. Wapo watakaojaribu. Lakini fedha za mtaa zinaweza kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa na kusomwa kwenye mkutano wa wakazi, mbele ya watu wanaojua fika kama taa ya kona ile inawaka au haiwaki. Mwananchi wa Yombo hana namna kama hiyo ya kukagua kifungu kilichomo katika kitabu cha bajeti ya halmashauri. Pia mwenyekiti anachaguliwa kila baada ya miaka mitano, mara ya mwisho Novemba 2024, na kwa sasa tunampima kwa kazi ambazo hakupewa hata shilingi ya kuzifanya.