Siku niliyouza hisa Wete

Mama yangu husema mimi nikipiga simu, simu yenyewe haina kazi. Mtu wa Unguja atanisikia tu. Ndiyo maana siku ile pale Wete, kwenye baraza ya kahawa, hakuna aliyepitwa na neno:

"Ee, hisa zangu uza zote. Gawio lenyewe mwaka wa pili huu sijaliona. Mnunuzi yupo? Nani? Aa, humjui! Basi yeyote, we uza tu."

Niliyekuwa nazungumza naye ni dalali wangu wa soko la hisa, Dar es Salaam. Nilikuwa na hisa 200 za kampuni moja, nilizinunua shilingi 500 kila moja kwa mshahara wa ualimu, nazo zimeporomoka mpaka 350. Soko lile muuzaji na mnunuzi hawaonani, wala hawana haja. Nikakata simu, nikamalizia kashata yangu, nikaenda zangu kulala.

Sasa, Pemba ukisema hisa, nani atafikiria soko lililoanza biashara Dar mwaka 1998? Hisa ni fungu la mirathi. Na sisi tunalo shamba la mikarafuu la babu kule Mtambwe, halijagawiwa tangu afariki. Kila msimu wachumaji wanachuma karafuu, sisi tunachuma ugomvi. Baraza ikaelewa jambo moja tu: mwalimu kachoka kungoja, fungu lake kampa dalali amuuzie mtu asiyemjua hata jina. Habari ilifika Mtambwe kabla ya alasiri. Na ilipofika, mnunuzi keshakuwa mtu wa bara anayetaka kukata mikarafuu ajenge hoteli. Hoteli! Kwenye tope lile.

Alfajiri mlango ukagongwa. Ami yangu, na nyuma yake mashangazi wawili, mmoja analia.

"Mwanangu, sikuja kukugombeza," ami akasema. "Nimekuja kudai shufaa yangu."

Shufaa, kwa asiyeijua: mkiwa na mali ya shirika isiyogawiwa, mmoja akauza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika ana haki ya kulichukua yeye kwa bei ile ile. Ila anayedai asichelewe. Na ami, masikini, hakuchelewa. Alifungua mfuko wa nailoni akamwaga noti kitandani kwangu.

"Laki nne, arubuni ya dume langu la ng'ombe. Zilizobaki napewa leo akija kuchukuliwa. Huyo mtu wako kakupa ngapi?"

"Elfu sabini," nikasema. "Hapo ada ya dalali bado."

Shangazi aliyekuwa analia akanyamaza. Kisha akaanza upya, safari hii kwa kilio cha msibani. "Elfu sabini! Fungu la baba yangu!"

Birika zima la chai lilikwisha nikieleza hisa ya kampuni ni kitu gani. Ni fungu ndani ya kitu kizima, nikasema. Huwezi kwenda ofisini ukabeba kiti ukasema hiki changu. Faida ikipatikana, na wakubwa wakikubaliana, mnagawana, hilo ndilo gawio. Wasipokubaliana, unangoja.

Ami akakunja uso. "Sasa hiyo ina tofauti gani na shamba la babu yako?"

Nikabandika birika jingine.

Tulipofika kurudisha arubuni, mnunuzi keshakodi gari, kaja na vijana wawili na kamba, na dume nusu ya mwili limo garini. Arubuni aliipokea bila maneno. Lakini gari na vijana, akasema, havimhusu yeye, vinamhusu aliyeleta mkanganyiko. Wote wakanigeukia, mpaka ng'ombe. Elfu sitini na tano.

Simu ikalia. Dalali.

"Mwalimu, zimeuzika zote! Pesa baada ya siku chache."

Nikakimbilia chini ya mwembe, mbali na kila mwenye masikio, nikamjibu kwa kunong'ona.

"Haloo?" akasema. "Mwalimu? Mbona sikusikii?"