Dini ni hiari, lakini hiari ya nani?

Kuna msiba wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, ambao mpaka leo haujanitoka. Marehemu alikuwa fundi wa mitumbwi, mzaliwa wa Ujiji, Mwislamu mtoto wa Mwislamu. Miaka yake ya mwisho alikuwa akisali na mkewe katika kanisa moja la Kipentekoste. Alipofariki, kaka zake walikuja na sanda wakati waumini wenzake wameshaagiza jeneza. Mwili ukakaa ndani mpaka alasiri, mwenyekiti wa mtaa akienda kwa wazee na kurudi kwa mchungaji. Huku wanasema mke ndiye aliyemgeuza. Kule wanasema alibatizwa ziwani, mtu mzima mwenye akili zake, hakuburutwa na yeyote. Kijana mmoja aliyekuwa akipanga viti akaropoka: "Si dini ni hiari ya mtu? Mngemuuliza mwenyewe akiwa hai." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani, kisha kimya.

Kijana yule alikuwa na Katiba mkononi bila kujua. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inasema wazi kwamba ibada na kueneza dini ni jambo la hiari ya mtu binafsi. Serikali yetu hata kuuliza haiulizi: baada ya sensa ya 1967, swali la dini liliondolewa. Vitabu navyo vinaonekana kumuunga mkono. Sura ya Al-Baqara, aya ya 256, inasema hapana kulazimisha katika dini. Yoshua anawaambia Waisraeli, "chagueni hivi leo mtakayemtumikia."

Ila Yoshua hakuishia hapo. Aliendelea: "lakini mimi na nyumba yangu tutamtumikia BWANA." Nyumba yote, pamoja na kichanga kinachonyonya! Katika pumzi ileile aliyowataka watu wachague, alikuwa ameshawachagulia wa kwake. Sisemi alikosea. Nasema ndivyo dini inavyotufikia wengi wetu, na hadithi mashuhuri ya Mtume inakiri hivyo: kila mtoto huzaliwa katika fitra, yaani maumbile yake ya asili, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi.

Tukiitazama historia ya huku kwetu, neno "hiari" linazidi kuwa gumu. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, na Tabora ndiyo ilikuwa kituo kikuu njiani. Uislamu uliingia bara na biashara, na mpagazi wa Kinyamwezi aliyerudi kutoka pwani na kanzu na jina jipya alirudi pia na heshima. Mmanyema aliyevushwa ziwa akiwa mateka aliingia dini ya nyumba iliyomweka. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe wa Kikatoliki, walifika Tabora 1878 na Ujiji 1879, wakawa wanakomboa watoto watumwa na kuwalea katika Ukristo. Nani hapo alikaa akapima hoja?

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Adrian Atiman. Alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na wamisionari Algeria, akasomeshwa utabibu Malta, akaletwa Karema, kusini mwetu kwenye ziwa hilihili. Alifika 1889 akiwa daktari na katekista. Alibaki hapo mpaka alipofariki 1956, miaka 67. Mtoto aliyenunuliwa hana hiari, hilo halina ubishi. Lakini miaka 67 ya kuamka usiku kwenda kwa mgonjwa nayo utaiitaje? Kusema imani yake haikuwa yake kwa sababu mlango hakuufungua yeye ni kumnyang'anya maisha yake mara ya pili. Mama humchagui, lakini kumtunza au kumtelekeza ni kazi ya mikono yako mwenyewe.

Na wapo walioufungua mlango wenyewe. Mwalimu Nyerere alipita shule ya serikali Tabora bila kubatizwa. Baba yake, Chifu Burito, alifariki 1942, naye akabatizwa 1943 akiwa na miaka 21. Kijana msomi, mtoto wa chifu, mila ya Wazanaki anaijua, akaamua. Wanaosema dini ni kurithi tu kama shamba inabidi wamweleze mtu kama huyu.

Lakini hata kwake, je, alichokichagua ni kuamini, au ni ubatizo? Hapa wengi huchanganya. Jaribu sasa hivi kuamini kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvi. Nikikupa milioni utatamka, hata kuapa utaapa, lakini ndani unajua ulikoga jana na maji yalikuwa baridi tu. Moyo hauamrishwi, hata na mwenye moyo. Mtu anaweza kuchagua kwenda msikitini, kusoma, kukaa na watu wa aina fulani. Kuamini kwenyewe huja au hakuji.

Watu wa dini wenyewe wanalijua hili kuliko wanasheria. Waislamu wana neno hidaya, yaani uongofu, na hidaya haitoki kwa mtu. Aya inayosema huwezi kumwongoa umpendaye, wafasiri wengi wanaieleza kwa kisa cha Abu Talib, ami yake Mtume. Inasimuliwa kwamba Mtume alikuwa kitandani pake akimsihi atamke neno moja, na upande wa pili Abu Jahl, mpinzani wa Mtume, akimuuliza mgonjwa: utaiacha mila ya Abdul-Muttalib? Akafa juu ya mila ya baba yake. Kila nikikumbuka ule msiba wa Mwanga naona kitanda kile. Kwa Wakristo, Yesu anasema katika Yohana 15, "Si ninyi mlionichagua mimi, bali ni mimi niliyewachagua ninyi." Baswezi wa Unyamwezini, watu wa chama cha mizimu, nao ukiwauliza waliingiaje, wengi watakutajia ugonjwa: mzimu ulimtaka mtu, akaugua mpaka akaitika.

Jambo ambalo wahubiri wa hiari hawalipendi ni bei. Mwenye boti yake akibadili dini atanuniwa na shangazi, basi. Binti anayekula kwa baba yake akibadili, analala wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inawaruhusu watu wa dini mbili kufunga ndoa bomani, na wanafunga, ila mahari na walii, yule anayemwozesha binti, havikai bomani. Kwenye mirathi, kwa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, inayofuatwa na wengi, aliyetoka katika Uislamu hamrithi baba yake Mwislamu, na huku kwetu hayo ni mashamba ya michikichi, siyo maneno. Mgogoro ukifika mahakamani, hakimu hutazama marehemu aliishi maisha ya namna gani na alionyesha nia gani. Yaani majirani wanaitwa kueleza mtu alisali vipi, alifunga au hakufunga, aliwazika vipi wanawe. Binafsi iko wapi hapo?

Kwa hiyo kijana wa viti namuunga mkono nusu. Hiari iliyoandikwa katika ibara ya 19 ni ngao dhidi ya dola na dhidi ya fimbo, na atakayeigusa tutagombana. Lakini ngao haisimulii mtu alivyofika alipo. Tena nimeona ikigeuzwa silaha: baba anamfukuza mtoto kwa "umechagua mwenyewe, kaa nayo," kana kwamba mtoto aliokota imani kwenye meza ya mitumba. Wengine huwakebehi wenye imani ya kurithi kuwa hawana akili zao, hali wao pia mashaka yao wameyapata shuleni au kwa marafiki.

Yule fundi hatimaye alizikwa Ujiji na kaka zake. Mmoja wao alisema alimsikia akitamka shahada hospitalini, siku mbili kabla ya kufa. Mke alikuwepo chumbani saa ileile, na yeye anasema alimsikia akiomba maji. Hakubishana, alimwambia mchungaji awaachie. Kisha, bila kuombwa na mtu, akakaa eda miezi minne na siku kumi, na Jumapili iliyofuata akarudi kanisani kwake. Wifi zake walidhani amesilimu, wenzake wa kanisani wakadhani ameanza kuyumba. Mimi nilimuuliza. Akaniambia, "Baba, mimi nilikuwa namkalia mume wangu."