Phog Allen: baba wa makocha, lakini wa makocha gani?

Inasimuliwa kwamba James Naismith, aliyebuni mpira wa kikapu mwaka 1891, alicheka aliposikia mchezaji wake Forrest “Phog” Allen ameitwa kufundisha timu ya chuo. Kikapu kinachezwa tu, kocha wa nini? Naismith mwenyewe, pale Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alishinda mechi 55 akafungwa 60. Allen aliyempokea kiti alistaafu mwaka 1956 akiwa na ushindi 590 hapo Kansas peke yake. Ubishi wa kama kikapu kinahitaji kocha uliishia hapo.

Jina la Phog alilipata kwa sauti yake, nzito kama honi ya meli kwenye ukungu. Sauti hiyo ilitumika hata kwenye futiboli ya Kimarekani, aliyoifundisha Kansas msimu mmoja tu, 1920. Siku walipocheza na Nebraska, walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 20 kwa bila. Mechi ikaisha 20-20. Sare ile iliwapandisha watu mori hata wakachanga fedha za uwanja mpya. Ajabu ya sare kujenga uwanja!

Wanaomwita baba wa makocha wana hoja nzito. Adolph Rupp na Dean Smith, majina makubwa ya ukocha Marekani, walikuwa wachezaji wake. Alipigania kikapu kiingie Olimpiki, kikaingia Berlin 1936. Mwaka 1952 akachukua ubingwa wa vyuo.

Ila mwaka 1933 alifika Kansas kijana Mweusi, John McLendon. Alisoma chini ya Naismith, akafundwa ukocha na yule yule mzee aliyeudharau, lakini timu ya chuo hakuichezea: Weusi hawakuruhusiwa. Watetezi wa Allen husema ndivyo vyuo vya ukanda ule vilivyokubaliana, na mtu mmoja asingeweza kuvunja mwiko huo. Ni kweli kiasi. Lakini Allen hakuwa kocha tu. Miaka hiyo ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, na sioni dalili kwamba aliujaribu mlangoni. Kwangu mimi sifa ya ubaba anaistahili, mradi tusimhesabie McLendon kama mwanawe.

Mwaka 1955 Allen, sasa mzee, alimpata Wilt Chamberlain, kijana Mweusi wa Philadelphia. Kanuni za wakati ule hazikuruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza timu kubwa, na kabla Chamberlain hajafika mwaka wa pili Allen alilazimishwa kustaafu kwa umri wa miaka 70. Hakumfundisha hata mechi moja rasmi. Machi 1957, katika ukumbi wa Municipal Auditorium jijini Kansas City, Kansas ya Chamberlain ilipoteza fainali ya ubingwa wa vyuo kwa pointi moja baada ya dakika za nyongeza mara tatu. Mwezi huo huo, ukumbi huo huo, McLendon na chuo cha Weusi cha Tennessee walitwaa ubingwa wa NAIA, shirikisho la vyuo vidogo, wa kwanza kati ya mitatu mfululizo.